Mjomba Aliuliza: Mama wa Mama Yake ni Nani?

Siku ya posa yangu nilikuwa chumbani kwa mama, nimevaa kitenge kipya, sikio nimelibandika mlangoni. Msinicheke. Kila binti aliyewahi kuposwa nyumbani kwao anajua ninachosema. Sebuleni wamekaa wazee, soda zimefunguliwa, mshenga anajikohoza, na wewe unajifanya huna habari kumbe moyo unadunda kama ngoma.

Mchumba wangu ni Mmarekani mweusi. Nilikutana naye Morogoro mwaka 2014, yeye akiwa kwenye mradi wa maji ya umwagiliaji, mimi nikiwa nimetumwa na ofisi kukagua hesabu za mradi huohuo. Kwa kweli nilimzimikia kabla hata sijamaliza kukagua risiti. Kiswahili alikuwa anakivunjavunja, lakini anakisema bila aibu. Mwaka mmoja baadaye akaleta barua ya posa, na mshenga wake alikuwa mzee mmoja wa mradini, mtu wa heshima zake.

Mimi ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti kwenye ndoa ya binti ni mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa, anakula kuku wake vizuri, lakini mjomba akisema hapana, hapana imekaa.

Basi nikamsikia Mjomba, kwa ile sauti yake ya taratibu: "Kijana tumemwona. Ana adabu, na Kiswahili chake si haba. Lakini kwetu hatuozeshi kwa mtu mmoja, tunaozesha kwa ukoo. Mama yake ni nani?"

Mshenga akamtaja mama. Mjomba akauliza, mama wa mama yake? Akatajwa bibi. Na mama wa huyo bibi?

Kimya. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Hatujui, Mjomba," mchumba wangu akajibu mwenyewe, bila kumsubiri mshenga. "Kwetu mambo hayo yalipotea."

Mjomba hakugomba. Alisema tu: "Hayapotei yote. Barua yenu tumeipokea, hatujaikataa. Nenda kaulize kwenu, kijana, halafu rudi."

Nilitaka kutoka nje na kile kitenge nikamwambie Mjomba maneno. Yaani mtu anatoka katika watu walioibwa, wakasafirishwa kama mizigo, wakauzwa, halafu unamuuliza ukoo? Lakini mchumba wangu hakukasirika. Jioni, tukiwa kwenye gari, aliniambia: "Wewe ukitajiwa ukoo unasinzia. Mimi nimesubiri tangu mtoto mtu aniulize swali hilo kana kwamba lina jibu."

Ukuta wa 1870

Tulianza kama mnavyoanza wengi wenu mambo yenu, kitandani usiku, laptopu katikati, bando la intaneti linaisha kila baada ya siku tatu. Ziko kumbukumbu nyingi za Marekani ambazo mtu anaweza kuziangalia bure mtandaoni, kwa mfano kupitia FamilySearch. Kubwa kuliko zote ni sensa. Wamarekani wamehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1790, na fomu zenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Wakati huo tunatafuta, ya karibuni kabisa iliyofunguliwa ilikuwa ya 1940. Sasa hivi ya 1950 nayo iko wazi, tangu 2022.

Tukaanza na upande wa baba yake, kwa sababu jina la ukoo halibadiliki. 1940, tumempata babu. 1920, baba wa babu. 1900. Ya 1890 tukaambiwa haipo, karibu yote iliharibika kwa moto mwaka 1921. 1880. Kisha 1870, tukampata mzee mmoja wa miaka 40, kibarua wa shamba, hajui kusoma wala kuandika.

Na hapo tukagonga ukuta. Wenyewe wanaofanya kazi hii wanauita hivyohivyo, ukuta wa 1870. Ile ndiyo sensa ya kwanza baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, na ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Ukirudi nyuma, sensa za 1850 na 1860 zina orodha ya pekee ya watumwa. Jina linaloandikwa pale ni la bwana mwenye mali. Chini yake ni mistari tu: umri, jinsia, rangi.

Tuliipata orodha moja ya 1860 tuliyodhani ndiyo. Watu tisa. Mstari wa nne: miaka 30, mwanamume, mweusi. Anaweza kuwa yule mzee. Anaweza asiwe. Mchumba wangu aliweka kidole juu ya kioo cha laptopu, kwenye ule mstari, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikajifanya nakwenda kuangalia chai.

Maneno niliyoyasema mimi

Sasa hapa lazima niwe mkweli, maana kuandika habari za mapenzi huku unajipamba ni kazi bure.

Miezi ikapita. Mwanzoni niliona raha. Baadaye nikaanza kuchoka. Mtu anarudi kutoka Morogoro Ijumaa, hajakuona wiki nzima, anafungua laptopu. Unamwambia habari za ukumbi, anakwambia habari za kaunti. Marafiki zangu wananiuliza kwenye simu, "Vipi, posa imefia wapi?" Halafu siku moja nikagundua kwamba fedha tulizoweka kwa ajili ya ukumbi amezinunulia tiketi za ndege. Anataka twende Virginia, akaangalie vitabu kwa macho yake.

Wacha niwe mhasibu kidogo: ilikuwa zaidi ya nusu ya akiba yetu. Hakuniuliza.

Nikawaka. Jikoni kwangu Tabata, vyombo vinalia kwenye sinki, nikamwambia: "Wewe unataka kuoa, au unatafuta marehemu?" Akajibu kwamba anafanya haya kwa sababu ya mjomba wangu. Nikamjibu kwa haraka, bila kufikiri: "Mjomba alikuuliza tu. Kosa si lake kama wewe huna ukoo."

Ndugu zangu, yako maneno ukiyatoa unatamani kuyadaka hewani. Hakunijibu. Alichukua funguo zake, akafunga mlango polepole, akaondoka. Ule upole wa mlango ndio ulioniumiza zaidi.

Siku tatu hatukuongea. Siku ya nne nilimpigia mama yake, Philadelphia. Sikuwa nimewahi kuongea naye peke yetu. Nikamwambia, "Mama, nimemkosea mwanao," nikamweleza nilichosema. Nilitegemea anikatie simu. Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Mama yangu mzazi alikuwa anatuambia kwamba sisi hatukuwahi kuwa watumwa. Kila Jumapili, mezani. Nilipokuwa na miaka kumi nikamwambia mbele ya wageni kwamba anadanganya, kwamba anajifanya bora kuliko majirani. Alitoka mezani. Hakulisema tena mpaka anakufa mwaka 1989."

Nikamuuliza, mama yako alizaliwa wapi? Akasema, Virginia, ukanda wa mashariki, kaunti ya Accomack.

Tulikuwa tumetafuta upande wa baba peke yake. Mluguru mzima mimi, nimelelewa kwenye ukoo wa mama, na wala halikunijia wazo la kumwambia mchumba wangu ageuze njia.

Kina mama

Kufuata kina mama ni kazi ngumu zaidi kuliko kufuata kina baba, na wanawake mnaosoma hapa mtaelewa mara moja. Kila kizazi mwanamke anaolewa, jina linabadilika, anatoweka. Unatakiwa uipate ndoa yake ndipo ujue alikuwa nani kabla. Bahati nzuri, jimbo la Virginia lilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1853, na kuanzia hapo daftari la ndoa nalo likawa linataja wazazi wa bibi harusi. Basi tulikwenda ngazi kwa ngazi. Mama mkwe, mama yake, mama wa mama yake, mpaka kwa mwanamke aliyezaliwa karibu na mwaka 1840.

Tukamtafuta huyo katika sensa ya 1860. Sikuwa na matumaini. Mchumba wangu, ambaye kwa sasa tulikuwa tumepatana na analala tena kwenye kochi langu, alishusha ukurasa taratibu. Mara akasimama.

Alikuwemo. Kwa jina lake. Miaka 20. Si mstari chini ya jina la bwana, ni jina. Na katika sensa ya 1850 yumo tena, mtoto wa miaka 10, pamoja na mwanamke wa miaka 35 mwenye jina lilelile la ukoo. Watu waliokuwa huru waliandikwa kwa majina. Mwaka 1860 walikuwepo weusi huru karibu nusu milioni nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakiishi katika majimbo ya utumwa. Hawa walikuwa miongoni mwao.

Ilikuwa saa nane usiku Dar, Philadelphia bado jioni. Akampigia mama yake. Sikuelewa yote waliyosema, lakini nilimsikia mama mkwe akirudia neno moja, "Mama. Mama. Mama." Hakuwa anamwita mimi wala mwanawe.

Bibi Mwenye Kovu

Tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa, kwa hiyo Oktoba 2016 tukaenda. Nikaona kuliko fedha ziende na mtu mmoja, heri ziende na wawili. Nikaongeza za kwangu.

Kwanza tulikwenda Richmond, kwenye Maktaba ya Virginia, ambako wametunza filamu za vitabu vya mahakama za kaunti. Unakaa mbele ya mashine, unazungusha, maandishi ya mkono yanapita kama mvua. Kuanzia mwaka 1793 sheria ya Virginia ilimtaka kila mweusi aliyekuwa huru ajiandikishe kwa karani wa mahakama na kupewa karatasi. Asipokuwa nayo anaweza kukamatwa barabarani kama mtoro. Sasa enzi hizo picha hakuna, kwa hiyo karani alikuwa anamwandika mtu kama alivyo: urefu wake, rangi yake, umri, makovu, na alipataje uhuru.

Siku ya pili, karibu na saa ya kufunga, tukamkuta. Miaka ya mwanzo ya 1800, Accomack. Mwanamke wa miaka kama 50, ana kovu la kuungua kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, amezaliwa huru. Mstari unaofuata ni binti yake, na huyo binti ndiye mama wa yule mwanamke wa miaka 35 tuliyemwona kwenye sensa. Jina lake mnisamehe, sitaliandika gazetini, mwishoni mtaelewa. Sisi tulianza kumwita Bibi Mwenye Kovu.

Nilifikiria lile kovu usiku kucha. Kuungua kiganjani ni jiko. Nina la kwangu, nilishika sufuria nikiwa na miaka saba. Zaidi ya miaka 200 imepita, bahari nzima katikati, na mimi najua kabisa alivyolia siku ile.

Lakini swali likabaki. Kwa nini huru? Katika miaka ya 1750 na 1760, mwanamke mweusi wa Virginia anazaliwaje huru?

Jibu liko katika sheria ya mwaka 1662. Kabla yake, mwanamke mmoja aitwaye Elizabeth Key, mama Mwafrika na baba Mwingereza, alikuwa amedai uhuru wake mahakamani na akashinda mwaka 1656, moja ya hoja zake ikiwa kwamba baba yake alikuwa mtu huru. Wakubwa wa Virginia wakaona hapa pana kasheshe. Kama mtoto anafuata baba, basi watoto wote ambao mabwana wanawazaa na watumwa wao watadai uhuru. Wakatunga sheria: mtoto atafuata hali ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba awe nani.

Nilipoisoma nilikaa kimya. Hii kwetu ni kanuni ya nyumbani, mtoto ni wa mama, ina mashamba ndani yake, ina wajomba, ina mapenzi. Wale waliichukua kanuni kama hiyohiyo wakaitengenezea minyororo. Ila minyororo ile ilikuwa na upande wa pili: mama akiwa huru, mtoto yuko huru, na mtoto wa mtoto, mpaka mwisho. Bibi Mwenye Kovu alizaliwa huru kwa sababu mama yake alizaliwa huru. Kwa hiyo tukarudi nyuma tena.

Jibu ambalo hakulitaka

Kwenye vitabu vya mahakama vya miaka ya 1700 tukakuta kitu cha ajabu. Jina la ukoo lilikuwa linatoka kwa mama kwenda kwa binti. Bibi, mama yake, bibi yake, wote jina moja, hakuna baba anayetajwa. Mchumba wangu akacheka, "Hawa ni Waluguru!" Lakini mtaalamu wa maktaba, mama mmoja mpole sana, hakucheka. Alituuliza kama tunajua maana yake.

Maana yake ni hii. Mwaka 1691 Virginia ilipitisha sheria kwamba mwanamke wa Kizungu akizaa na mtu mweusi bila ndoa atalipa pauni 15, na kama hana, anauzwa atumike miaka mitano. Mtoto anachukuliwa na wazee wa kanisa anafungwa kazi mpaka afike miaka 30. Mwaka 1705 ikafanywa 31. Wanawake wengi walioshikwa na sheria hiyo walikuwa watumishi wa mkataba, maskini waliovuka bahari kutoka Uingereza na Ireland kwa ahadi ya kutumika miaka kadhaa kulipia nauli. Mtafiti Paul Heinegg, ambaye amefuatilia mamia ya familia za weusi huru wa enzi hizo, alionyesha kwamba nyingi kati yao zilianzia hapo, kwa mwanamke mtumishi wa Kizungu na mwanamume Mwafrika.

Na sisi tulikuwa na ukurasa wetu. Mtumishi mwanamke, ameletwa mbele ya mahakama kwa kuzaa mtoto wa rangi mbili. Anaongezewa miaka ya kutumika. Mtoto, msichana, afungwe kazi mpaka miaka 31. Jina la ukoo ni lilelile.

Baba wa mtoto hakuandikwa. Mahakama haikuuliza, au iliuliza na karani hakuona sababu ya kupoteza wino.

Kipimo cha DNA cha upande wa mama, ambacho mchumba wangu alikuwa amekifanya wiki kadhaa kabla, majibu yalikuja tukiwa bado Virginia. Kipimo hicho kinafuata mstari mmoja tu, mama wa mama wa mama. Mstari wake ulikuwa wa Ulaya. Karatasi na damu zilisema kitu kimoja.

Hebu fikirieni. Kijana mweusi ametumwa na Mjomba Mluguru akautafute ukoo wa mama yake. Ametumia fedha za ukumbi, ametukanwa na mchumba wake, amevuka bahari. Anafika kwa mama wa kumi na moja, anamkuta Mzungu. Na Mwafrika aliyekuwa anamtafuta yupo palepale, katika mwaka uleule, kwenye kitanda kilekile, hana jina.

Hakulia. Alisema tu, "Nitamwambia nini Mjomba?"

Kesho yake tulivuka kwenda ukanda wa mashariki kwa lile daraja la Chesapeake Bay, kilomita 28 za barabara juu ya maji na chini ya maji, maana katikati linazama kuwa handaki ili meli zipite juu. Lilifunguliwa mwaka 1964. Ng'ambo ni mashamba, misonobari na upepo wa bahari. Tulisimama Eastville, ambako mahakama ya Northampton ina vitabu vinavyoendelea bila kukatika tangu mwaka 1632. Humo yumo Anthony Johnson, Mwafrika aliyeletwa Virginia mwaka 1621, akatumika, akapata uhuru, na mwaka 1651 akadai ardhi ekari 250. Moto ulipounguza mali yake mwaka 1653, mahakama ilimsamehe mkewe Mary na mabinti zake kodi. Hakuwa malaika, mwaka 1655 alishinda kesi ya kumshikilia mtu mweusi mwenzake, John Casor, amtumikie maisha. Familia yake baadaye ilihamia Maryland, na mwaka 1677 mjukuu wake aliipa ardhi yake jina: Angola.

Mchumba wangu alilisoma lile neno mara mbili. Baadaye, nje, akaniambia: "Huyu hakuandika jina la babu yake. Aliandika walikotoka. Na kaburi la wangu silijui, lakini alikuwa hapahapa, anatembea kwenye udongo huu, na mwanamke mmoja alimpenda kiasi cha kuongezewa kifungo."

Nikamwambia hatujui kama alimpenda. Huenda ilikuwa vinginevyo. Vitabu havikusema. Akatikisa kichwa, akakubali. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi hii, kutojaza mwenyewe pale karani alipoacha wazi.

Kurudi kwa Mjomba

Tulirudi Novemba. Safari hii sikukaa chumbani. Nilikaa sebuleni, nikamsaidia mchumba wangu pale Kiswahili kilipomshinda.

Aliwataja kina mama zake wote, mmoja mmoja, mpaka wa nane, Bibi Mwenye Kovu. Akaendelea wa tisa, wa kumi. Alipofika wa kumi na moja akasita, kisha akasema wazi: "Huyu alikuwa Mzungu, Mjomba. Mtumishi, maskini. Aliyezaa naye alikuwa mtu wa huku Afrika. Jina lake halikuandikwa."

Wazee wakaangaliana. Shangazi mmoja akaficha mdomo kwa kanga. Mjomba akauliza, "Yule mtoto walimchukua?"

"Walimchukua kumtumikisha mpaka miaka 31."

"Na yeye mtoto alipozaa, wanawe walibaki na jina la nani?"

"La mama yao. Wote."

Mjomba akanyamaza. Kisha akasema: "Vijana wawili walikuja hapa kabla yako, kwa mabinti wengine wa nyumba hii. Niliwauliza swali hilohilo. Wao ni wa hapahapa, kwao ni mwendo wa basi. Mmoja hakurudi. Mwingine alirudi na majina ya kubuni, nikamjua. Wewe umekwenda mbali ukaniletea hata ambalo hukulipenda." Akamgeukia mshenga. "Haya, mambo ya mahari."

Na msidhani alitupunguzia. Mazungumzo yalichukua saa mbili, na ng'ombe mmoja alibadilishwa kuwa fedha mara tatu.

Tulifunga ndoa mwaka 2017, ukumbi mdogo kuliko niliouota, wageni nusu ya niliotaka. Mama mkwe alikuja. Usiku wa kuamkia harusi tulikaa naye nyuma ya nyumba, anamenya vitunguu na kina mama wa kwetu kana kwamba amezaliwa Matombo. Aliniambia kwamba baada ya kupata ile sensa alikwenda kaburini kwa mama yake akamsomea ukurasa kwa sauti, na majirani wa kaburi wakasikia nao. "Nilichelewa miaka hamsini na kitu," alisema. Nikamwambia mimi nilichelewa siku tatu na ziliniuma. Tukacheka, ingawa yeye alikuwa na machozi, na si ya vitunguu.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wenu mko kwenye uchumba sasa hivi. Mnaulizana mshahara, mnaulizana nani alikuwa mpenzi wako kabla yangu. Mnaulizana bibi? Ukimkuta mzee bado yupo hai, kaa naye, washa simu imrekodi, anza na jina la mama yake. Usimsahihishe. Anachosema kwa majivuno mezani huenda ndicho ukweli wenyewe. Na mkigombana, gombaneni kuhusu fedha, kuhusu ukumbi, kuhusu laptopu kitandani. Msiguse pale ambapo mwenzio ana ukurasa mtupu.

Binti yetu alizaliwa mwaka 2019. Kwa desturi yetu ni wa ukoo wangu, na Mjomba alishampokea. Jina la nyumbani alipewa na baba yake, lile la karani wa Accomack, lile ambalo nimekataa kuwatajia. Mwaka jana alishika sufuria ya uji kabla sijamwahi. Baba yake alimbeba mbiombio mpaka bombani, akaushikilia ule mkono mdogo chini ya maji. Alipotulia aliugeuza akauangalia.

"Wa kulia," akaniambia. "Yule alikuwa wa kushoto."